Uchambuzi wa kisa: kijana aliyeletwa atolewe waya za meno

Kisa hiki kinatoka katika kliniki ya meno ya mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki. Majina, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Mimi sikumtibu kijana mwenyewe. Nilikabidhiwa faili lake, kwa ridhaa yake, nilitumie kufundishia. Swali lililoleta zogo, yaani kama waya za meno zinadhuru vinasaba vya seli za mdomo, ni swali halali na lina majibu ya kueleweka. Lakini katika mdomo huu lilikaribia kufunika jambo kubwa zaidi.

Historia ya mgonjwa

Kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, hana ugonjwa wa kudumu. Meno yake ya juu yalikuwa yamepandana, chonge mbili zimetokeza juu ya mstari wa meno mengine. Ili kupata nafasi aling'olewa magego madogo manne, mawili juu na mawili chini, kisha akafungwa waya taya zote mbili: braketi (vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye meno kushika waya) za chuma kisichoshika kutu, pete kwenye magego ya nyuma, na waya nyembamba ya nikeli na titani ya kuanza kuyavuta meno.

Miezi minne ya mwanzo ilikwenda vizuri, isipokuwa mambo mawili ambayo faili liliyataja kwa kupita tu. Braketi ya upande wa kushoto chini ilibanduka mara tatu. Na kila alipokuja, braketi za upande huohuo zilikuwa na rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu. Muuguzi aliandika: "Anywe chai kidogo, asitafune mifupa."

Fomu ya kwanza ilimuuliza: unavuta sigara? Akajibu hapana, na ilikuwa kweli.

Yaliyotokea

Mama yake alisoma mahali kwamba vyuma vya meno vinatoa nikeli na kuharibu vinasaba. Alipiga simu kliniki, akajibiwa na mtu wa mapokezi: "Hayo ni maneno ya mitandaoni, mama, yapuuze." Hakuyapuuza. Alimwendea mpwa wake anayesoma sayansi ya maabara, akamwomba ampime binamu yake.

Mpwa alifanya alichojua. Alikwangua mashavu yote mawili kwa kijiti cha mbao, akatandaza seli kwenye slaidi nne, mbili za kushoto na mbili za kulia, akazikausha na kuzigandisha kwa methanoli. Mbili alizitia Giemsa, rangi ya maabara ya kuonyesha seli kwenye hadubini. Ya kulia ilikuwa na seli chache zilizoshikamana, akaiacha. Ya kushoto alihesabu seli 500, akaona viini vidogo vitano. Akampigia mama hesabu: kumi kwa kila seli 1,000, "na kawaida haizidi moja au mbili, shangazi." Akamtumia na picha ya seli moja kwenye simu.

Kesho yake mama alifika kliniki pamoja na kaka yake, mjomba wa kijana, ambaye ndiye aliyelipa nusu ya gharama. Kijana alikaa katikati yao, kimya. Baada ya salamu mama aliweka simu mezani. "Daktari, mtoe mwanangu hivi vyuma leo. Meno mabaya hayaui mtu."

Kiini kidogo ni nini

Kabla ya kufika kwenye maamuzi, kipimo chenyewe kinahitaji kueleweka, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Seli inapogawanyika, kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, zinatakiwa zigawike sawasawa kwenda kwenye viini viwili vipya. Kipande cha kromosomu kilichokatika, au kromosomu nzima iliyochelewa, kinaweza kubaki nje na kujifunga peke yake kando ya kiini kikubwa. Hicho ndicho kiini kidogo. Seli za shavu zinazaliwa chini kabisa ya utando na kupanda juu hadi zinachubuka, safari ya kama wiki moja hadi tatu. Kwa hiyo ukikwangua shavu leo unasoma yaliyozipata seli hizo wiki chache zilizopita. Ni kipimo kizuri: hakina sindano, gharama yake ni ndogo, na kimetumika tangu miaka ya 1980 kwa wavutaji, kwa wafanyakazi wa viwandani na kwa watu wanaotafuna tambuu.

Uzuri huo una masharti. Mradi wa kimataifa uliokusanya takwimu za watu zaidi ya 5,000 kutoka maabara nyingi, na kutoa matokeo yake 2011, ulipata wastani wa chini kidogo ya kiini kidogo kimoja kwa seli 1,000, ukapendekeza zihesabiwe seli 4,000. Mpwa alihesabu 500. Vitu adimu vikihesabiwa katika idadi ndogo, bahati inatawala: vitano katika 500 vinaweza kutoka kwenye shavu lenye vitatu kwa 1,000, na vinaweza kutoka kwenye shavu lenye ishirini kwa 1,000. Namba hiyo haiwezi kutenganisha mashavu hayo mawili.

Kuna na rangi. Giemsa haishiki DNA peke yake. Inashika pia bakteria na chembe za keratini, protini ngumu ya seli, na kwa jicho lisilozoea hadubini vyote hivyo ni vidoa vya mviringo ndani ya seli. Watafiti wa Vienna walilinganisha rangi mbalimbali mwaka 2006, wakaona rangi za aina hii zinaongeza hesabu mara kadhaa ukilinganisha na zile zinazoshika DNA tu, kama Feulgen. Sasa fikiria mdomo wenye braketi: ukoga unaganda kila kona, bakteria wamejaa. Mtu mwenye waya ndiye hasa ambaye Giemsa itamsingizia.

Waya zinatoa nini

Daktari hakuwaambia kwamba waya hazitoi kitu. Zinatoa. Chuma cha braketi kina nikeli ya kama asilimia 8 hadi 12 na kromiamu ya karibu asilimia 18. Waya ya nikeli-titani ni nusu nzima nikeli kwa uzito, au zaidi kidogo. Juu ya metali hizo kuna tabaka jembamba la oksidi linalozilinda, lakini mate, tindikali ya soda na msuguano vinalimomonyoa. Jaribio maarufu la 1983, lililoloweka seti nzima ya vyuma kwenye maji ya chumvi, lilipima takriban mikrogramu 40 za nikeli kwa siku.

Chakula cha kawaida kinampa mtu mikrogramu mia mbili hadi mia tatu za nikeli kila siku, na anayependa kunde, korosho na chai ya rangi hupata zaidi. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula iliweka mwaka 2020 kiwango cha kuvumilika cha mikrogramu 13 kwa kilo ya mwili kwa siku, yaani karibu 780 kwa kijana wa kilo 60. Kwa mwili mzima, waya ni nyongeza ndogo. Hoja hiyo lakini haimalizi swali, na daktari alilikubali hilo mbele ya mjomba aliyekuwa anamkazia macho: shavu linakaa kando ya chuma saa zote, halisubiri kugawiwa sehemu yake na tumbo.

Ndiyo maana seli za shavu zimechunguzwa zenyewe. Huko Verona, Italia, mwaka 2003 walipata nikeli na kobalti zaidi katika seli za watu wenye waya, na DNA iliyokatika zaidi. Watafiti wa Misri waliwafuata wagonjwa kwa muda na kuchapisha 2011: miezi mitatu baada ya kufungwa waya uharibifu ulionekana, miezi sita tofauti na wasio na waya haikuonekana tena. Mwaka huohuo watafiti wa India walihesabu viini vidogo siku ya kutoa waya, wakakuta vimeongezeka; siku thelathini baadaye ongezeko halikuonekana tena. Na wapo waliotafuta wasione ongezeko lolote.

Ukizisoma pamoja, tafiti hizi zinaelekeza upande mmoja: pengine kuna msukosuko mdogo, wa muda, ambao seli zinaurekebisha au unaondoka pamoja na seli zenyewe zinapochubuka. Nikeli inayojulikana kuleta saratani kwa binadamu ni michanganyiko yake inayovutwa kwa pumzi, kama kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha madini hayo, na saratani zake ni za mapafu na za matundu ya pua. Metali yenyewe ya nikeli, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 1990 katika kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani, ngazi iliyo chini ya ile ya vitu vilivyothibitika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotoa waya siku ile. Sababu ilikuwa ya wazi: magego manne yameshang'olewa na mapengo bado yako wazi. Ukitoa waya katikati, meno yanaanza kulala kuelekea kwenye mapengo, na kijana anabaki na mdomo mbaya kuliko aliokuja nao. Daktari hakukataa moja kwa moja, ila aliomba wiki mbili. "Mama, chuma kikikaa wiki mbili zaidi hakibadilishi kitu. Nikikitoa leo kwa pupa, sitaweza kukirudisha ulivyokiona." Mjomba ndiye aliyekubali kwanza, nadhani alikuwa anafikiria pesa, na si vibaya.

Uamuzi wa pili: kumchunguza upya kama mgonjwa mpya. Mzio wa nikeli uliulizwa kwa namna ambayo watu hujibu kweli: saa ya chuma inakuwasha? Kifungo cha mkanda je, kinakutoa vipele kitovuni? Hapana. Pembe za midomo nzima, ufizi haukuvimba kupita kawaida. Shavu la kulia lilikuwa na kidonda kidogo kilichochomwa na ncha ya waya; ncha ikakatwa na kukunjwa, akapewa nta. Shavu la kushoto, nyuma, pale linapogusana na magego ya chini, lilikuwa na baka jeupe lenye mikunjo. Halikuuma wala halikufutika kwa shashi.

Hapo daktari aliwaomba mama na mjomba wasubiri nje. Hili ndilo ninalolirudia kwa wanafunzi kila mwaka. Hakumuuliza "unatumia tumbaku?" Alimuuliza, "Upande huu unaweka nini?" Kijana akaangalia mlango, akasema: tambuu. Popoo, chokaa, na tumbaku kidogo juu yake, tangu kidato cha tatu, mara nne au tano kwa siku, wakati wa mitihani zaidi. Braketi iliyobanduka mara tatu ilikuwa inavunjwa na popoo. Ile hudhurungi haikuwa chai.

Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imo katika kundi la kwanza la lile shirika la utafiti wa saratani tangu 2004, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku ya kutafuna imo pia. Saratani zake ni za mdomo, palepale panapowekwa. Na seli za mashavu ya watafunaji zimeonyesha viini vidogo vingi katika tafiti za miaka ya mwanzo kabisa ya kipimo hiki. Nikeli ya waya hiyo haina ushahidi wa uzito huo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu. Kijana ni mtu mzima, na siri ni yake. Mama yuko nje na picha ya seli kwenye simu, anaamini chuma ndicho mkosaji. Daktari angeweza kumwambia mama "si waya" bila kueleza, na mama angeona anafichwa. Angeweza kumtaja kijana, na kijana asingerudi tena. Alichagua kumpa nafasi: "Utamwambia wewe, au tutanyamaza wote wawili, lakini mimi sitasema uongo akiniuliza. Nitamwambia aulize kwako." Kijana alimwambia mjomba kwanza, kwenye gari. Mjomba alimwambia mama.

Uamuzi wa nne: zile slaidi mbili zilizobaki. Mpwa alizileta akiwa na aibu yake. Zilitiwa rangi ya Feulgen katika maabara nyingine, na fundi asiyeambiwa ipi ni ya upande gani akahesabu seli 2,000 kwa kila moja. Kushoto saba, kulia vitatu.

Matokeo

Kijana aliacha tumbaku na popoo wiki ileile. Baka lilipungua, na siku ya kumi na nne lilikuwa limeondoka, kwa hiyo hakukatwa nyama ya kupimwa. Lingebaki, angekatwa siku hiyohiyo, na hilo aliambiwa mapema. Upana wa kufungua mdomo ulipimwa na kuandikwa, ukawa wa kawaida. Alirudia tambuu mara moja wakati wa harusi ya kaka yake, akaja kusema mwenyewe. Matibabu ya waya yaliendelea kama yalivyopangwa hadi mapengo yakafungika, waya zikatolewa, na shavu lake linaangaliwa kila miezi sita.

Mama aliomba kipimo kirudiwe kabla ya waya kutolewa. Daktari hakukirudia.

Uchambuzi: kilichosaidia

Kilichosaidia zaidi ni kulitenga swali la jumla na swali la mtu huyu. Tafiti za Verona, Misri na India zinalinganisha makundi. Zinajibu kama watu wenye waya, kwa wastani, wana uharibifu zaidi. Haziwezi kugeuzwa kuwa cheti cha ugonjwa wa mtu mmoja, kwa sababu mashavu ya watu wenye afya hutofautiana sana hata bila waya. Hakuna idadi ya viini vidogo ambayo ikivukwa daktari anatakiwa kutoa braketi.

Jambo la pili ni ulinganisho wa mashavu mawili. Waya ziko pande zote mbili; kama chuma peke yake kingekuwa kisababishi, kushoto na kulia vingetarajiwa kukaribiana. Tambuu iko upande mmoja tu. Mdomo mmoja ukawa na upande wa kuchunguza na upande wa kulinganishia, umri uleule, mate yaleyale, chakula kilekile. Ninaupenda sana ujanja huu, lakini tusiupe uzito usio wake: saba dhidi ya vitatu bado ni hesabu ndogo, na tofauti ya namna hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu. Kilichomtia hatiani popoo si zile slaidi. Ni baka, rangi, braketi zilizobanduka, na maneno ya kijana mwenyewe.

Kuhusu kutorudia kipimo, wenzangu wawili niliowaonyesha faili hawakuafiki. Wanasema mama angetulia. Mimi naona daktari alikuwa sahihi. Katika wiki zile mbili vitu vitatu vilibadilika kwa pamoja: popoo na tumbaku viliachwa, kidonda cha kulia kilipona, na kijana alianza kupiga mswaki kwa bidii ya mtu aliyeshtuka. Namba ikishuka, kila mtu angeisifia sababu anayoitaka. Ikipanda kwa bahati mbaya ya hesabu, tungerudi mezani na simu ya mama. Na katika hali zote mbili matibabu yangebaki vilevile.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Jibu la mapokezi ndilo lililoanzisha yote. Mama alikuwa na hoja yenye tafiti nyuma yake, akajibiwa kama mtu aliyeleta umbea. Angeambiwa tu kwamba ni kweli nikeli hutoka, kwamba imepimwa, na aje tuzungumze, asingefika kwa mpwa.

Fomu ya ridhaa haikutaja metali hata moja. Mgonjwa alitia saini kuhusu maumivu, muda na gharama. Kliniki inayoweka mdomoni kitu chenye nusu nikeli inapaswa kusema hivyo kabla, si kwa ajili ya vinasaba tu, bali kwa sababu ya mzio, ambao ni tatizo la kawaida zaidi na linalojulikana vizuri.

Mpwa alikosea mahali ambapo wengi wa umri wake wangekosea. Alipima ndugu bila ruhusa ya maabara na kutoa matokeo bila msimamizi. Kosa zito kuliko yote mawili ni ile picha ya seli moja: picha ina nguvu kuliko namba, na kila shavu duniani, ukilitafuta vya kutosha, litakupa picha hiyo.

Na kliniki ilikuwa na dalili mbili kwenye faili kwa miezi minne. Braketi moja kubanduka mara tatu upande uleule, na rangi upande huohuo, katika mji ambao tambuu inauzwa kwenye kila kona ya barabara. Muuguzi aliziona zote mbili na kuziandika. Hakuna aliyezisoma pamoja, kwa sababu kila ziara ilishikwa na daktari mwingine na kila mmoja alifungua ukurasa wake tu.

Fomu yao sasa haiulizi kuhusu sigara peke yake. Inauliza unatafuna nini, upande gani, na tangu lini, na swali hilo huulizwa na daktari mwenyewe, mgonjwa akiwa peke yake kitini.